Lengalenga Aliyeitwa Merv

Barua ilipigiliwa kwenye nguzo ya tuta namba kumi na moja kwa misumari minne, kana kwamba ingetoroka. Chibalonza aliisoma akiwa bado na sare ya kazi. Alikuwa ameogesha wazee wa watu tangu saa kumi na mbili asubuhi, na subira yake yote ilibaki hukohuko. Barua ilisema tuta lake limejaa magugu. Ilisema kamati ya bustani ya jamii ingepiga kura Jumatatu, baada ya onyesho la mavuno, na kwamba watu kumi na tisa walikuwa wanasubiri tuta. Chini yalikuwapo majina matatu: Merv, mwenyekiti, Noelene, katibu, Kerry, mweka hazina.

Magugu yenyewe yalikuwa lengalenga, ambayo wengine huita mchicha. Ilikuwa imemfika kiunoni, na watu sita wa nyumba yake hapo Mount Druitt, pembezoni mwa Sydney, waliila mara nne kwa wiki. Nyumba waliyopanga ilikuwa na ua wa saruji tupu, usioota hata nyasi. Lengalenga ya duka la Granville huja imegandishwa, na ikiyeyuka unapata kitu kama soksi. Bila tuta lile, watoto wangekula viazi vya kukaanga mpaka wafanane navyo.

Alimfuata Merv palepale kwenye kibanda cha zana. Merv alikuwa fundi bomba mstaafu wa miaka sabini na nne, mwenye magoti ya chuma na daftari la kanuni mfukoni.

"Hiki ni chakula," Chibalonza alimwambia.

"Nimekuwa nikiling'oa gugu hilo miaka hamsini. Baba yangu aliling'oa kabla yangu."

"Basi baba yako alitupa chakula, na wewe ukaendelea."

Merv alijikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kanuni tu. "Lilete kwenye onyesho Jumamosi," alisema. "Jaji anatoka kule milimani, hamjui mtu hapa. Akisema ni mboga, na mimi nitasema ni mboga. Akisema ni gugu, unatoa tuta, na hatugombani tena."

"Tumekubaliana."

Akapewa fomu. Chibalonza alikuwa na diploma ya ualimu ya Bukavu na cheti cha Kiingereza cha hapa Sydney, na hakuwa mtu wa kuomba asomewe. Aliisoma jioni ile mezani, kidole kikifuata mstari. Kanuni ya nne ilisema kwamba kila kinacholetwa kipewe jina, na jina liandikwe wazi kwenye kadi. Walichotaka waandaaji ni aina: nyanya gani, waridi gani, kabichi gani. Mtu aliyekulia kwenye maonyesho ya namna hiyo angeelewa bila kufikiri. Chibalonza alisoma "kipewe jina", akavuta kiti, akakaa kitako.

Kwao Walungu, huko Kongo, jina si kitu cha kuokota. Ukimpa mtoto wako jina la mtu, mtu yule ni wajina wake. Hawezi kumsema vibaya, wala kumfukuza, na akisikia ameonewa, anakuja mwenyewe kuuliza nani kathubutu. Baba yake Chibalonza aligombana na karani wa ardhi mwaka mzima, na mahakamani hakwenda. Alingoja mtoto wa tano azaliwe, akamwita jina la karani. Karani alipokuja kupima shamba, alimkuta wajina wake ananyonya kibarazani. Akakunja kamba yake ya kupimia, akaomba maji ya kunywa, akaenda zake.

"Kamati ina watu watatu," Chibalonza alimwambia mumewe, Bahizire, ambaye alikuwa bado anakula. "Kura tatu. Na fomu inaruhusu vitu vitatu: mboga, ua na keki."

Bahizire alitafuna, akameza. "Bon. Huyo mwenyekiti utampa nini?"

"Lengalenga. Si yeye ndiye mwenye ugomvi nayo?"

"Hatakasirika?"

"Karani alikasirika?"

"Karani alipewa mtoto, Mama Précieux."

"Mtoto aliyelia usiku na mchana miaka miwili. Lengalenga hailii."

Bahizire akaongeza ugali.

Jumamosi saa mbili asubuhi Chibalonza aliingia ukumbini na fungu la lengalenga ndani ya ndoo ya maji, maua matano ya maboga ndani ya chupa ya jemu, na keki ya ndizi. Keki hiyo aliifungulia mlango wa oveni mara nne ikiwa inaiva, kwa sababu hakuwahi kuiamini oveni ile. Aliandika kadi tatu kwa mwandiko wake wa ubaoni, herufi kubwa na zilizonyooka. Lengalenga: Merv. Maua: Noelene. Keki: Kerry. Saa tatu washindani wote walitolewa nje, na mlango ukafungwa ili jaji afanye kazi yake.

Nje, kwenye benchi, alikaa na Wilkister, Mkenya, nesi, jirani yake wa tuta namba kumi, aliyekuwa ameleta sinia ya mandazi katika shindano la skonzi.

"Mama Précieux, hebu nikuulize. Nimepita pale kwa meza yako. Umeandika nini kwa kadi?"

"Majina, kama walivyosema."

"Lakini hao ni watu."

"Ulitaka nitumie majina ya mbuzi?"

"Walikuwa wanataka aina, mama. Kama mimi, nimeandika mandazi ya nazi."

"Hilo ni kabila lao. Jina lao ni nani?"

Wilkister alifungua mdomo, akaufunga. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. "Na huyo jaji hamjui Merv. Hamjui yeyote. Ataandika maoni yake vile anaona, halafu yasomwe kwa maikrofoni."

"Yasomwe na nani?"

"Si ni Noelene husoma kila mwaka."

Hapo ndipo Chibalonza alipoinuka. Alikwenda akagonga mlango. Mtu wa ndani alimjibu kwamba kanuni haziruhusu. Aligonga tena, akajibiwa vilevile, na sauti aliyoisikia ilikuwa ya Merv, aliyekuwa analinda mlango, meza zikiwa mgongoni mwake.

Saa sita mlango ulifunguliwa. Jaji, mwanamke mrefu mwenye aproni nyeupe, alikuwa amekaa pembeni na kikombe cha chai, ametulia kama mtu aliyemaliza deni la wiki. Majina hayakumshangaza hata kidogo. Mawaridi huitwa majina ya watu kila siku. Nani angeshangaa kuona na boga limepewa?

Noelene alishika maikrofoni. Alikuwa katibu kwa miaka ishirini na miwili, na sifa yake ni kwamba husoma alichoandikiwa, neno kwa neno, hata kama kina makosa. Akasoma mawaridi, akasoma dalia, akafika kwenye kadi iliyofuata.

"Noelene," alisoma, akaguna. Alitazama kadi, akatazama watu, akaendelea kwa sababu hakujua kuacha katikati. "Noelene. Bila shaka alipendeza alfajiri. Kufikia saa nne amefumba kabisa, na hafunguki hata akibadilishiwa maji. Amepitwa na wakati."

Mtu mmoja alikohoa. Maua ya maboga hufumba jua likipanda, na Chibalonza alilijua hilo toka utotoni. Asichojua ni kwamba jaji angeyafikia saa nne.

Zikaja keki. "Kerry," alisoma Noelene, na sasa sauti yake ilikuwa nyembamba. "Kwa juu anavutia. Katikati amezama. Ndani bado mbichi, ila ana harufu nzuri."

Kerry, dereva wa basi mstaafu, mtu mpana, alitazama tumbo lake, akashusha fulana ilifunike.

"Harufu hiyo mkewe anaijua?" mzee mmoja aliuliza kutoka nyuma, na ukumbi ukaangua kicheko.

Chibalonza hakucheka. Alikuwa anahesabu kura. Kura ya Noelene imekwenda. Ya Kerry huenda imekwenda. Imebaki moja, na mwenyewe alikuwa amekaa mstari wa mbele, mikono juu ya magoti yake ya chuma.

"Merv," alisoma Noelene, akafumba macho kidogo kabla ya kuendelea. "Merv si mboga. Ni gugu la kawaida la kando ya reli. Akiachwa, husambaa. Aondolewe ukumbini kabla hajaangusha mbegu."

Walicheka mpaka kikombe kikavunjika mahali fulani. Merv alisimama taratibu, goti moja, kisha la pili.

"Nani kaandika hayo?"

"Mimi," alisema jaji.

"Niko kwenye bustani hii miaka thelathini na moja."

Jaji alidhani anazungumza na mkulima wa ile mboga. "Basi umechelewa sana kumng'oa," alimwambia.

Kicheko kilikatika. Merv alitembea mpaka kwenye meza, akainama juu ya ile ndoo, akasoma kadi, akaigeuza kutazama nyuma, akaisoma tena. Kisha akamtafuta Chibalonza kwa macho.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wajina wako," Chibalonza alisema. "Kwetu ukitaka kukaa vizuri na mtu mkubwa, unampa mtoto wako jina lake. Watoto nimeshamaliza kuzaa."

Merv aliisoma kadi mara ya tatu. Midomo ilicheza kama ya mtu anayejumlisha. "Hakuna mtu aliyewahi kukipa kitu jina langu," alisema mwishowe. "Hata mbwa." Akamgeukia jaji, na sauti ikapanda. "Huyu si gugu. Huyu analiwa."

"Analiwa na nani?"

"Watu sita," alisema Chibalonza.

"Mimi pia," alisema Wilkister. "Kwetu tunamuita terere."

"Merv si gugu," alisema Kerry, akasimama. Wazee watatu wa nyuma, waliokuwa wakicheka dakika moja kabla, wakasema naam, Merv si gugu, wamemjua toka ujana.

Jaji aliweka kikombe chini. Yeye naye alikuwa mtu wa kanuni. Penye ubishi, alisema, mwenye dai athibitishe mbele ya jaji. Chibalonza hakungoja aambiwe mara mbili. Aliibeba ndoo mpaka jikoni mwa ukumbi, akachambua majani, akaosha, akakata. Mafuta yalikuwapo. Kitunguu hakikuwapo.

"Siwezi kupika bila kitunguu," alisema dirishani. "Nikipika hivyohivyo, atakuwa gugu kweli."

Vitunguu vilivyokuwapo ni vile vilivyoshinda: vitatu vya Kerry, vya ukubwa mmoja, vimefungwa shingo kwa uzi, na utepe wa buluu juu yake. Kerry alivitazama. Alichukua kimoja, akakileta mwenyewe dirishani.

"Utaharibu seti yako," Wilkister alimwambia.

"Nimeshaambiwa nimezama katikati. Seti itanisaidia nini?"

Nyanya ikatoka kwa mshindi wa tatu, ambaye hakuulizwa. Baada ya dakika kumi harufu ilifika ukumbini, na watu wakasogea. Ugali haukuwapo, kwa hiyo Wilkister akaleta mandazi yake. Merv alipewa sahani na uma wa plastiki, na ukumbi mzima ukatazama Merv akimla Merv.

Alitafuna. Chibalonza alimtazama koo.

"Chumvi," alisema Merv. "Anahitaji chumvi."

Akaongezewa. Akala mpaka akapangusa sahani kwa andazi. Jaji alichukua jani moja kwa ncha ya uma, akatafuna kwa meno ya mbele, akachukua la pili, kisha akavuta kiti. Alipomaliza alitoa kalamu, akafuta maoni yake yote kwenye kadi na kuandika "mboga". Halafu, kwa kuwa shindano lile ni la mboga mbichi, akaongeza mstari mwingine: amefutwa mashindanoni kwa sababu amepikwa.

Chibalonza alisoma neno la kwanza tu, akaiweka kadi ndani ya sidiria.

Jumatatu walikutana kwenye kibanda cha zana, kamati kwenye viti na Chibalonza kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kerry aliinua mkono mapema kwamba Chibalonza abaki na tuta lake. Keki aliibeba nyumbani Jumamosi ileile, akaimaliza yote, na pale palipokuwa pabichi akapala kwa kijiko. Noelene hakuinua. Dada zake wawili walikuwa wamempigia simu kumuuliza kama amefunguka.

"Mwakani nitakupa kitunguu," Chibalonza alimwambia. "Hakifumbi."

"Usinipe kitu," alisema Noelene.

Ilibaki kura ya Merv. Alitoa daftari lake, akalitazama, akalirudisha mfukoni. "Niliahidi," alisema. "Jaji kasema mboga. Lakini akatwe mapema. Sitaki mbegu zimwagike njiani." Akainua mkono.

Noelene alikuwa na uchungu, lakini katibu ni katibu. Aliandika kumbukumbu papo hapo na kuzisoma kwa sauti, kama kanuni zinavyotaka: "Azimio la tatu. Kamati imekubali kwa kura mbili dhidi ya moja kwamba Merv si gugu. Atabaki tuta namba kumi na moja, mradi akatwe kabla hajatoa mbegu."

"Noelene," alisema Merv, "huwezi kuliandika namna nyingine?"

"Hivyo ndivyo lilivyopita."

"Mimi nataka nakala," alisema Chibalonza, "yenye saini ya mwenyekiti."

Merv alimtazama Kerry, na Kerry akatazama koleo ukutani. Kalamu ilikuwa mezani. Merv aliichukua, akasoma azimio lote tena toka juu mpaka chini, akatia saini.