Maji Kwenye Oili

Fundi alisukuma karai chini ya pikipiki ya mwanawe, akafungua bolti ya kumwagia oili, na oili ikatoka nyeupe kama chai iliyozidi maziwa. Akachovya kidole, akasugua, akanusa. Oili nyeusi imechoka. Oili yenye chembe zinazometa inasema chuma kinalika. Nyeupe imeingiwa na maji.

"Gasketi," alisema.

"Baba, wewe hata mtu akiumwa jino utambadilishia gasketi," alisema mwanawe, ambaye kwenye mashindano ya pikipiki za matope aliitwa Radi.

Gasketi ikabadilishwa. Sili ya pampu ya maji nayo ikabadilishwa. Radi akazunguka mtaa na oili mpya, akarudi, ikamwagwa nyeupe vilevile. Maji ya rejeta, yanayopoza injini, hayakupungua hata tone. Kwa hiyo maji yalikuwa ya kwingine.

Fundi akafanya kama alivyofundishwa zamani: akajaza oili ile kwenye chupa ya kioo, akaiacha juani itulie. Kufikia adhuhuri oili ilikuwa juu na maji chini, ya kijani kidogo, na ndani ya maji viluwiluwi walikuwa wanaogelea. Akatoboa kifuniko ili wapate hewa.

"Umepita wapi na pikipiki hii?"

"Barabarani tu."

"Barabara gani ina viluwiluwi?"

Radi akaangalia simu yake.

Dada yake fundi akaingia, kama alivyoingia kila mchana tangu mwanawe aondoke. Kijana huyo, waliyemwita Mpole, alikuwa akifanya mazoezi na binamu yake Radi kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa, yale yenye bwawa. Siku moja Radi alirudi peke yake. Alisema Mpole amepata kazi ya utingo, lori limemchukua palepale njiani.

"Kaka, mpwa wako hajapiga?"

"Bado, dada."

"Huko alikokwenda hawana chaji?" Akainama kwenye chupa. "Na hawa?"

"Wametoka kwenye injini."

"Wape makombo ya mkate. Wamekonda."

Alipoondoka, fundi akaifungua bolti tena. Safari hii yalitoka maji matupu, na hayakukoma. Injini ile hunywa lita moja na kitu. Maji yakajaza karai, yakajaza ndoo, yakafika nusu ya pipa. Yalinukia jiwe lililolowa. Yakafuata majani ya bwawani, kisha glavu, imejikunja kama mwavuli. Kisha helmeti ya buluu. Tundu lenyewe ni la kuingia kidole. Helmeti haikuwa na haraka. Iligeuka huku na huku ikitafuta njia, ikatoka bila mkwaruzo. Fundi aliikinga kwa mikono miwili isigonge sakafu. Nyuma ilikuwa na stika ambayo fundi mwenyewe alimbandikia Mpole.

Akakaa chini palepale penye maji.

"Tulipakizana," Radi alisema. "Ukingo ukamomonyoka, tukatumbukia wote. Mimi nikaogelea, nikaivuta pikipiki."

"Ukavuta pikipiki."

"Ndiyo iliyokuwa karibu, baba."

Fundi akavuta tambara mfukoni.

Gereji ile ilikuwa na desturi: kinachotoka kwenye injini hufungwa kwenye tambara na kurudishiwa mwenyewe. Akaifunga helmeti. Alikuwa anakaza fundo aliposikia ndala mlangoni. Dada yake alikuwa amesahau mkoba.

"Umebeba nini?"

Fundi alimtazama Radi. Radi alitazama ukuta.

"Kifaa cha mtu," alisema fundi.

"Basi mrudishie. Si vizuri kukaa na vitu vya watu." Akachukua mkoba, akaruka dimbwi, akaenda zake.

Maji yalianza kupungua. Kwenye tundu kikatokea kidole, kikapapasa hewa, kikagusa ukingo wa karai. Ukucha ulikuwa umepasuka katikati. Mpole aliwahi kuubana na jeki hapohapo gereji, na mjomba wake ndiye aliyemfunga bandeji. Helmeti ilipita. Mtu naye angepita, ila ingechukua jioni nzima, na baadaye kungekuwa na maswali.

Fundi akaokota bolti, akaifuta. Akasubiri kwa adabu mpaka kidole kiliporudi ndani, akafunga, akakaza. Akamimina oili mpya na kuchungulia kwenye kioo cha kupimia oili. Ilikwisha kuwa nyeupe.

"Oili hii itabidi ibadilishwe kila wiki," alisema.

"Sawa. Pikipiki itakuwa tayari kwa mashindano ya Jumamosi?"

Ndani ya injini kuligongwa, taratibu, kama mtu anayebisha kwa jamaa zake.

"Itakuwa tayari," alisema fundi.