Ameshapita

Zamani surua ilipoingia vitongoji vya Meru, hakuitwa mtu ovyo kuwauguza watoto. Aliitwa aliyekwisha kuiugua. "Huyo ameshapita," walisema, kama mtu aliyevuka mto akasimama ng'ambo, na kweli surua haikumgusa tena. Desturi ile nzuri ikahama pasipo mtu kuihamisha, ikaingia hata kwenye mafua makali ya msimu wa baridi. Ndivyo Rachel, binti wa Eunike, alivyogeuka muuguzi wa jumuiya nzima.

Julai mafua yalimlaza, akaamka, akarudi Usa River kwenye kazi yake ya kufunga maua. Kabla hajapata nguvu sawasawa, wanawake wa usharika wakamwita akamuuguze mzee Sumari. Mzee akapona. Rachel akarudi na kichomi kilichompeleka wodini. Alipotoka walimpokea kwa pambio.

"Sasa kifua chake kimekomaa," walisema. "Amepita mara mbili!"

Ujane wa miaka mingi ulikuwa umemfundisha Eunike kutazama. Alimwona binti yake akisimama katikati ya mibuni, akijifanya anakagua matunda, mabega yakipanda na kushuka. Kanisani alimwona akiimba kwa midomo tu. Kamasi za mtoto wa jirani, zilizowapitia wengine kama manyunyu, kwa Rachel zilishuka kifuani mara moja.

Akampeleka Kaloleni mjini, kwa daktari Harleen, mwenye zahanati ndogo nyuma ya duka la babu yake.

"Nani kakwambia kifua hukomaa, mama?" daktari aliuliza baada ya kumsikiliza Rachel mgongo mzima. "Kifua si kisigino."

Rachel akacheka, na kicheko kikamkatikia kwenye kikohozi.

"Mapafu yana walinzi wao," daktari akaendelea. "Wanakaa humo humo, kazi yao kula uchafu na vijidudu. Mafua makali yakipita, wengi wanakufa. Wanaobaki, na wapya wanaoletwa, huwa kama watu waliopigwa na butwaa. Adui mwingine anaingia, wanamtazama tu. Ndipo kichomi kinapopata nafasi."

"Mpaka lini?" Eunike akauliza.

"Wiki kadhaa. Pengine miezi. Akipigwa tena kabla hawajakaa sawa, inazidi. Siwezi kukudanganya, mama, siku yenyewe siijui."

"Mbona surua ukishaipata haikurudii?"

"Surua mwili unaikumbuka, hiyo peke yake. Lakini kumkumbuka mwizi mmoja si kuwa na mlinzi aliye macho."

Eunike alirudi mlimani na neno hilo, akaliombea. Hakumwambia mtu.

Jumamosi akaja Mama Anande, kiongozi wa wanawake, bado anahema kwa kilima. Bibi Elinipa amelala, alisema. Homa na kifua. Hospitali wamempa dawa wakamruhusu, ila anahitaji mtu wa kumgeuza na kumnywesha uji, na wanawe hawajafika.

"Anamtaja Rachel kwa jina," akasema. "Na nani mwingine? Huyu ameshapita."

Rachel alikwisha kusimama, anatafuta kitenge. Eunike alimtazama, akaona uso unang'aa. Binti yule hakuwa na mume wala mtoto, na kwenye benchi la wanawake alikuwa wa kukaa pembeni. Tangu Julai walikuwa wanamsogezea nafasi katikati.

"Rachel haendi," Eunike akasema.

Mama Anande akadhani kasikia vibaya. "Haendi wapi?"

"Kwa Bibi Elinipa. Kifua chake hakijapona."

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, mama Rachel."

"Mimi sijaona ung'ongo. Nimemwona nyoka, mara mbili."

"Na Bwana alisema, nilikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama."

"Alisema. Hakusema atumwe yuleyule kila siku."

"Mama!" Rachel alikuwa amekikunja kitenge mkononi. "Mimi si mtoto. Wananiita mimi. Ukinizuia, pale kanisani nitakuwa nani?"

Eunike alimwomba Mungu jibu papo hapo, na halikuja.

"Nitakwenda mimi," akasema.

"Wewe hujapita!" Mama Anande akaruka.

"Ndiyo maana. Walinzi wangu ni wazee, lakini mwaka huu hawajapigwa."

Alisema kwa sauti thabiti, ila moyoni hakuwa na hakika. Alichukua barakoa aliyopewa na daktari. Alipoagwa, Rachel alimpa mgongo.

Chumba cha Bibi Elinipa kilikuwa kimefungwa kila upenyo. Eunike akafungua dirisha, akamfunika bibi kwa shuka la pili, akavaa barakoa ndipo akainama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Macho ya bibi yakamtafuta. "Nilimtaka Rachel. Ana mikono myepesi."

"Najua."

"Anaumwa?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo, na uongo ungemsitiri kila mtu. "Haumwi kitandani. Kifua chake ni kibovu bado. Nimemkataza asije."

Pumzi za bibi zikakwaruza. Yeye ndiye aliyelala sakafuni na Eunike msiba wote alipofiwa na mumewe.

"Mimi nilikuja kwako," akasema. "Sikuuliza kuna ugonjwa gani ndani."

"Ulikuja, bibi. Sijasahau."

"Na wewe umemficha mwanao."

Eunike alisikia uso unamwaka chini ya kitambaa. Alitamani kueleza habari za walinzi na butwaa, lakini aliona kwamba kwa mtu anayekosa pumzi hayo ni maneno ya mtu mwenye afya. Tena ilikuwa kweli. Kati ya bibi na binti yake alikuwa amechagua.

"Nimemficha," akasema.

Kikohozi kikambeba bibi, kirefu, kikamtikisa mpaka kitanda kikalia. Eunike akampitishia mkono mgongoni. Kilipotulia, bibi alikuwa amemng'ang'ania kiganja, wala hakukiachia.

"Niinue basi," akasema kwa hasira. "Vizuri. Usinishike kama mzigo wa kuni."

Eunike akamwinua.