Dada Aliyekuja na Jina

Umugwaneza alikuwa anachambua maharagwe, mtoto mgongoni, alipomwambia mama yake, Thacienne, kwamba tribinali imekubali abadili jina: tangu juzi yeye ni Kavira, na hukumu iko na muhuri. Pale Nyamitaba, mwaka ule wa 2007, hakuna aliyeuliza sababu. Kwenye bariyeri, kamba iliyokata njia ya Walikale, watu wenye bunduki walikuwa wakisoma majina. Wenye majina ya kabila la Umugwaneza walirudishwa, na siku nyingine hawakufika nyumbani. Mume wake Archange, Munande kwa kabila, mwenye duka kule Mubi, ng'ambo ya bariyeri, alikuwa hajamwona mtoto wake bado.

Jina alilichagua karani wa tribinali, Papa Michel, kwa sababu ni fupi. Wala yeye wala Umugwaneza hakukumbuka kwamba kwa Wanande Kavira ni jina la msichana wa pili. Mama Thacienne alikuwa amezaa msichana mmoja tu.

Kesho yake asubuhi dada mkubwa alikuwa jikoni, anapuliza moto. Alisema anaitwa Masika, jina la msichana wa kwanza. Alijua sufuria zinapokaa, na alilalamika kwamba chumvi inaisha. Thacienne alimtazama miguu, akaona ni ile ya ukoo wa baba.

"Umekawia," akamwambia.

"Njia iko mubaya, Mama."

Thacienne akaongeza viazi. Majirani walikuja kusalimia, wakasema wanafanana kweli, na mmoja akamgombeza Masika kwa kutofika kwenye kilio cha baba yake.

Siku ya safari ya Mubi Thacienne aliwasindikiza mabinti wawili na mtoto mpaka bariyeri. Mwanaume mwenye bunduki aliisoma hukumu mbele na nyuma. Desturi za majina alizijua vizuri.

"Kavira. Na mukubwa wako iko wapi?"

"Njo huyu," Kavira akasema, akimwonyesha Masika.

Masika akataja jina lake. Karatasi hakuwa nayo, ila uso ulitosha. Kamba ikainuliwa.

Walikuwa wamekwisha kupita pale Thacienne alipoona blanketi ya mtoto imebaki mkononi mwake. Akaita jinsi alivyozoea kuita miaka yote:

"Umugwaneza!"

Kavira hakugeuka. Aliendelea kutembea, shingo imekauka, mikono nyuma imemshika mtoto.

"Karame," akaitika Masika, kama wanavyoitikia watoto wa kwao waliolelewa vizuri.

"Kumbe Umugwaneza njo wewe," mwanaume akasema. "Rudia kwenu."

Masika hakubisha. Aliomba tu apeleke blanketi kwanza, akakubaliwa. Alimfunika mtoto, akamwambia mdogo wake amsalimie shemeji, akarudi chini ya kamba.

Kavira alifika Mubi jioni. Archange alifunga duka, akambeba mtoto mpaka akasinzia.

Kamba iko palepale, na majina yanasomwa. Kule Nyamitaba, Thacienne akimwita Umugwaneza aje wabebe maji, kuna mtu wa kuitika.