Jibu la Swali Lililopita

Afisa wa elimu alikitazama kiti, akakifuta kwa leso, ndipo akakaa. Chumba kilikuwa kimoja tu, uani kwa mwenye nyumba, mtaa wa Clairwood, Durban, na kila lori la bandarini lilipopita vikombe viligongana kabatini. Matilda aliiona leso ikirudi mfukoni. Kiti hicho alikuwa amekisugua mara mbili tangu alfajiri, kwa ajili ya makalio hayo.

Fomu ilikuwa mezani. Mwaka huo wa 1998 sheria ilikuwa bado mpya: mzazi anayemfundisha mtoto nyumbani aandikishwe, la sivyo mtoto arudishwe shule. Afisa akitia sahihi, Bupe angebaki kusoma na mama yake. Asipotia, angerudi kwenye shule ileile iliyomkalisha dawati la nyuma miaka miwili, kazi yake kufuta ubao, kisha ikamrudisha na barua kwamba ni mzito, hafundishiki. Walimtupa wenyewe, na sasa walikuja kumhoji aliyemwokota.

Bupe alikuwa na miaka kumi. Mjinga hakuwa. Maneno yalimwingia polepole, na jibu lilitoka kwa wakati wake. Matilda aliligundua hilo akiosha vyombo. Aliuliza swali, akaosha sahani, akaisuuza, akaifuta; sahani ikifika kabatini, jibu nalo lilikuwa limefika. Basi wakasoma hivyo kila asubuhi kabla hajaenda kiwandani Mobeni, swali kwa sahani, mpaka mtoto akajua kusoma na kuzidisha. Wale walimu wenye vyeti hawakuwahi kumngoja hata muda wa kuosha kijiko.

Afisa alikuja na mkalimani, Baudouin, Mkongo wa tai na viatu vilivyong'aa, aliyekuwa mwalimu kwao Uvira. Alisimama mlangoni asichafuke, akawa anayageuza maswali ya afisa kwa Kiswahili cha kwao.

"Mtoto, sita mara saba inafanya ngapi?"

Bupe alitazama dirishani. Afisa alihesabu kwa saa yake, akaweka alama ya kosa.

"Mama yako anaitwa nani?"

"Arobaini na mbili," Bupe alisema.

Afisa akacheka puani. Kosa.

"Hii ville tunaishi inaitwa namna gani?"

"Matilda."

"Mu wiki moja iko siku ngapi?"

"Durban."

Matilda alishindwa kuvumilia. "Kaka, anajibu swali lililopita. Yote amepata. Mwambie asubiri kidogo tu."

Baudouin alirekebisha tai. "Mama, mimi niko hapa kutafsiri ile wanauliza. Kuongeza, hapana."

"Si ulikuwa mwalimu wewe? Umesikia mwenyewe."

"Nimesikia."

"Saba," Bupe alisema katikati ya maneno yao. Hakuna aliyeandika.

Matilda akamgeukia afisa kwa Kiingereza chake cha kiwandani: mtoto hajakosea, amechelewa tu. Afisa alimjibu taratibu, neno moja moja. Kwenye mtihani, mama, kuchelewa ndiko kukosa. Yeye mwenyewe alikuwa ameahidi kufika saa mbili, akafika saa nne, akasema eish, robot zote, yaani taa za barabarani, zilikuwa nyekundu.

Matilda aliliendea kabati. Akachukua sahani, safi kabisa, akaitumbukiza kwenye beseni na kuanza kuiosha. "Bupe, mwanangu, tisa mara nne?"

Afisa akasema jambo kwa ukali.

"Anasema kazi ya nyumba utafanya kisha," Baudouin alitafsiri.

"Thelathini na sita," Bupe alisema, sahani ilipokuwa inafutwa. Lakini afisa alikuwa ameshainama anaandika, na alipomaliza alimsomea mkalimani naye akatafsiri kwa sauti ileile: saa ya masomo, mama anaosha vyombo. Kwa mara ya kwanza tangu aingie, Baudouin hakumtazama Matilda usoni. Aibu ya mtu aliyeshiba, Matilda aliwaza, haimnyimi usingizi.

"Swali ya mwisho, mtoto. Unapenda kurudi ku masomo yako ya zamani?"

Bupe alitazama tena dirishani. Afisa alihesabu, akafunga kalamu.

"Ameandika mtoto hakupinga," Baudouin alisema. "Jumatatu ataanza tena, darasa la kwanza. Asipofika, utaitwa ku tribunal, mbele ya hakimu. Na huko wataomba kuona makaratasi yako ya kukaa hapa. Weka jina hapa chini."

Makaratasi yale yalikuwa yamekwisha muda tangu mwezi wa tatu, na Matilda aliona kwamba wote wawili wanajua. Aliandika jina lake pale kidole kilipoonyesha. Aliwadharau mpaka mate yakamjaa mdomoni, akayameza, kwa kuwa mtoto alikuwa anamtazama.

Walitoka bila kufunga mlango. Gari likawashwa nje, likakata kona. Bupe alisimama, akaweka mikono nyuma kama alivyofundishwa mbele ya wageni, akakielekea kiti kitupu.

"Hapana," alisema, kwa sauti ya kusikika vizuri. "Sipendi."

"Umepata," Matilda alisema.