Joho la Mwashi

Mwenyekiti wa akina mama wa kanisa hakuwa mtu wa kukaa bure msibani. Jana ukuta ulimwangukia mwashi, mwimbaji wao wa besi, akafa papo hapo. Leo mwenyekiti na wenzake walishadeki nyumba ya marehemu na kufua kila nguo waliyoiona.

Mjane akatoka chumbani akiulizia shati la kazi la mumewe. Lilikuwa kambani, likinukia sabuni.

"Jasho lake lilikuwa humo," alisema, akaketi chini.

Mwenyekiti, mkali kama pilipili, alikimbia kanisani, akarudi na joho la kwaya la marehemu, ambalo kila Jumapili alikuwa akimgombeza kwa kutolifua.

Mjane alijifunika uso nalo, akavuta pumzi.

"Ashukuriwe Mungu, mwanangu," mwenyekiti alinong'ona. "Mumeo hakunisikiliza."