Reli Zilizolika

Krwe, krwe, krwe. Adhana ya alfajiri ilikuwa bado, na Nasra yu macho gizani, binti yake Hadija amemlalia mkono, akisikiliza msasa ukisugua chuma kwenye banda la uani. Baba mkwe wake, Mzee Khamisi, alikuwa anaisawazisha kwa mkono shafti ya boti, chuma kinachozungusha pangaboi, ambayo mashine ilishindwa kuinyoosha. Alisugua polepole ili asimwamshe mtu, na hilo ndilo lililomchoma Nasra zaidi.

Mwezi mmoja nyuma mzee alimwambia, "Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma. Twende Mwanga ukanitazamie hiyo mashine ya kukereza." Kweli alikuwa amesoma, masomo ya jioni, miaka miwili, Hadija mgongoni. Mumewe yuko Kalemie, ng'ambo ya ziwa, kwa biashara; banda hilo la Buzebazeba, Ujiji, lilikuwa la wao wawili, mkwe na mkamwana.

Mashine yenyewe ilikuwa kuukuu, imepakwa rangi ya kijani juzi tu. Nasra alizungusha gurudumu la mkono. Kitoroli kinachobeba kisu kiliteleza kirahisi juu ya reli zake karibu na kichwa kinachozungusha chuma, kilipofika mwisho wa reli kikakaza. Akapitisha ukucha juu ya reli, ukakwama kwenye ukingo. Reli zilikuwa zimelika pale pale ambapo kazi zote hufanyika. Mashine ya namna hiyo haitoi chuma kilichonyooka hata uibembeleze.

Thobias, muuzaji, alikuwa ameegemea mlango na wenzake wawili.

"Ee mzee, kumbe siku hizi fundi wa Ujiji anapimiwa na mke wa mwanawe?"

Wakacheka. Mzee Khamisi naye akacheka, lakini mkono wake ulikuwa unafuta vumbi mahali pasipo na vumbi. "Mimi nimeshaipenda," alisema. "Au vipi, Nasra?"

Tangu aolewe hajampinga hata kwenye chumvi ya mchuzi, ndio aje ampinge mbele ya watu wale?

"Ni nzima, baba," akasema, na mzee akalipa.

Sasa wavuvi wawili wamesharudisha shafti zao, nene upande huu, nyembamba upande ule, na kila mmoja mzee alimwambia, "Si mashine, ni macho yangu. Uzee huu." Jana akasema akimaliza hii iliyopo, anafunga banda.

Msasa ukanyamaza. Nasra akajitanda khanga, akatoka. Hadija akashtuka usingizini, akamfuata peku.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimewaamsha?"

"Baba, si macho yako. Reli zimelika. Niliziona siku ile ile, kule Mwanga."

Mzee aliiweka shafti juu ya meza taratibu, kama kitu cha kuvunjika. "Uliziona."

"Niliona haya kukukosoa mbele ya akina Thobias."

"Wale wangenicheka siku moja, Nasra." Alipangusa unga wa chuma vidoleni, kimoja kimoja. "Mwezi mzima mimi najipima macho. Naziba hili, natazama kwa hili. Naziba hili, natazama kwa hili."

Kwa Nasra hata "nisamehe" likaonekana dogo mno. Mzee akageukia ukuta, akawa kama anatafuta tambara, ila mikono haikusogea.

Hadija alivuta khanga ya mama yake.

"Babu analia," alisema.