Bomba Si la Bibi Balbina

Ufagio ulikwaruza uani, na nje bado giza. Bibi Balbina alijua si ufagio wake. Wake ulikuwa ndani, nyuma ya mlango. Alitoka. Msichana mwenye sketi ya shule alikuwa anafagia, na alikuwa amenyunyiza maji kwanza ili vumbi lisiingie nyumbani kwa mtu.

"Shikamoo, Bibi. Ni Jenifer, wa klabu ya mazingira."

Bibi hakuitikia. Maji yale aliyaona, lakini hasira haikumtoka.

Mwezi uliopita Jenifer na wenzake walikuja hapa Katindiuka kutengeneza filamu fupi ya mashindano ya wanahabari wa shule za sekondari. Walitaka kuonyesha jinsi dawa ya magugu inavyoua kijito. Aliwapikia wali mpya kwa perege. Waliposhiba wakamwomba abebe bomba la kupulizia dawa, ainame kijitoni kama anayelisuuza. Mgeni akiomba jambo dogo, unamkataliaje? Akainama. Filamu ilishinda wilayani, ikasambaa kwenye simu, na chini ya uso wake pameandikwa: "Huyu ndiye anayetunywesha sumu." Jana jirani yake Aurelia, alipomwona anakuja kuteka, alimwaga maji yote ya ndoo yake, kana kwamba Bibi ameyatia sumu.

"Bomba mlilileta nyinyi," Bibi alisema. "Mimi napalilia kwa jembe. Wanaosuuza mabomba pale ni vibarua wa shamba la Octavian. Mlijua."

"Tulijua, Bibi. Alitufukuza kwa panga."

"Mkaona mje kwa asiye na panga."

Jenifer aliinamisha kichwa. "Mwalimu Remigius anasema tukibadilisha chochote tunaondolewa mashindanoni. Fainali ni Ijumaa, Morogoro."

"Basi mwondolewe. Simu unayo?"

Walifika kijitoni jua likichomoza. Vibarua wawili walikuwa majini na mabomba yao, povu likielea kuelekea wanakoteka wanawake. Octavian alikaa juu ya pikipiki yake, akacheka.

"Mcheza sinema wetu huyo. Leo unaigiza nini, Bibi?"

"Leo zamu yako, baba. Endelea tu."

Kicheko kikamkauka. "We binti, zima hiyo simu."

Jenifer hakuzima; aliendelea kurekodi. Bibi alisimama katikati yao, akataja jina lake na la ukoo wake. Akasema hajawahi kumiliki bomba, kwamba watoto walimwomba naye akawaridhia, na kwamba mabomba yale pale majini yana mwenyewe, na mwenyewe ni huyu. Kibarua mmoja alitoa bomba lake majini bila kuambiwa, akaliweka nchi kavu. Bibi alimwona. Octavian alitema mate, akawasha pikipiki, akaondoka.

Jenifer alituma video kule kule ilikosambaa ya kwanza. Kisha akamwandikia mwalimu: "Filamu yetu ni ya uongo. Sitaiwasilisha Morogoro."

"Wenzangu watanichukia," alisema.

"Watakuchukia," Bibi alisema. "Mimi wanakijiji wamenichukia wiki nzima."

Simu ikaita. Jenifer aliitazama, akapokea. "Ndiyo, Mwalimu. Ni mimi niliyetuma." Alipokata simu alikuwa analia, na Bibi akampa upindo wa khanga afute macho.

"Usidhani yameisha," Bibi alisema. "Bado nina mengi ya kukugombeza, na leo nimechoka. Jumamosi uje tena."